Miaka minne ya Jaji Marshall ambayo wasimulizi huiruka

Wasifu mwingi wa Thurgood Marshall husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni wakili aliyeshinda kesi ya Brown katika Mahakama ya Juu ya Marekani, Mei 17, 1954, hukumu iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Ya pili ni jaji wa kwanza mweusi katika mahakama hiyohiyo, kuanzia 1967 hadi 1991. Kati ya nguzo hizo hupachikwa sentensi moja ya kuunganishia: kwamba kuanzia 1961 hadi 1965 alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Pili mjini New York, akaandika hukumu 98 kwa niaba ya wenzake, na hakuna hata moja iliyotenguliwa. Baada ya hapo msimulizi anakimbilia Washington.

Mimi naona sentensi hiyo imebeba mambo mengi kuliko inavyoonekana, na pia inampotosha msomaji. Miaka ile minne ndiyo iliyomfanya wakili wa mapambano kuwa jaji. Na ile namba 98, ambayo kila anayemsifia huishika kama ushahidi mkuu, ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote.

Tuanze na mahakama yenyewe. Mahakama za shirikisho za Marekani ziko ngazi tatu. Chini kuna mahakama za wilaya, ambako jaji mmoja husikiliza mashahidi, huamua ubishi wa mawakili papo kwa papo na, mara nyingi, huongoza baraza la wazee wa mahakama ambao ndio wanaoamua nani ana hatia. Juu kabisa kuna Mahakama ya Juu yenye majaji tisa, ambayo huchagua yenyewe kesi inazotaka kuzisikiliza. Siku hizi ni kama 60 kwa mwaka. Katikati ndiko ziliko mahakama za rufani, ambazo hupokea makumi ya maelfu ya rufaa kila mwaka. Jaji wa rufani haoni shahidi akitoa jasho kizimbani. Anakaa na wenzake wawili, anasoma mwenendo wa shauri, anawasikiliza mawakili kwa muda mfupi, kisha mmoja wao anaandika hukumu. Kwa mdaawa wa kawaida safari inaishia hapo, maana uwezekano wa Mahakama ya Juu kuichukua kesi yake ni mdogo mno.

Marshall aliitaka ngazi hiyo ya katikati na hakutaka nyingine. Mwaka 1961 Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu na mdogo wake Rais John Kennedy, alimpa kiti cha mahakama ya wilaya. Akakikataa, akieleza kwamba damu yake huchemka upesi mno kwa kazi ya kuongoza kesi yenye mashahidi. Akaambiwa ni hicho au hakuna. Akajibu kuwa "hakuna" anaifahamu vizuri, ameishi nayo maisha yake yote.

Wengine wamelisoma jibu hilo kama maringo. Mimi naliona kama kauli ya mtu anayejijua. Huyu ni wakili ambaye mwaka 1946, akitoka kuwatetea watu weusi huko Columbia, Tennessee, alikamatwa na polisi barabarani usiku kwa kisingizio cha ulevi, akapelekwa kwenye njia ya vumbi kuelekea mtoni ambako kundi la watu lilikuwa likingoja. Aliokoka kwa sababu wenzake walikataa kuacha kulifuata gari la polisi. Mtu wa namna hiyo akae kila siku akisikiliza polisi wakiapa kwamba mshtakiwa aliteleza na kujigonga? Alijua pa kujiepusha.

Robert Kennedy akalainika, na Septemba 1961 Rais akatangaza jina lake kwa ajili ya Kanda ya Pili, inayohudumia majimbo ya New York, Connecticut na Vermont. Kiti chenyewe kilikuwa kipya. Bunge la nchi hiyo lilikuwa limeongeza nafasi za majaji mwaka huohuo. Tayari mtu mweusi mwingine alikuwa amefika ngazi hiyo: William Hastie, mwalimu wake Marshall katika Chuo Kikuu cha Howard, aliyeteuliwa na Rais Truman mwaka 1949 kwenda Kanda ya Tatu. Kwa hiyo Marshall alikuwa wa pili, na hilo linapaswa kukumbukwa na wale wanaompa kila kitu cha kwanza.

Hapa ndipo siasa zinapoingia. Katiba ya Marekani inataka jaji wa shirikisho athibitishwe na Seneti, lakini inampa Rais mlango wa pembeni: Seneti ikiwa mapumzikoni, anaweza kumweka mtu kitini mwenyewe, naye atakaa hadi mwisho wa kikao kinachofuata. Asipothibitishwa mpaka hapo, anafungasha virago. Rais Kennedy alipita mlango huo, na Marshall akaapishwa Oktoba 23, 1961. Alianza kuamua rufaa za watu huku yeye mwenyewe akiwa na kesi ambayo haijaamuliwa.

Kesi yake ilikuwa mikononi mwa Kamati ya Sheria ya Seneti, na mwenyekiti wake alikuwa James Eastland wa Mississippi, mwenye mashamba ya pamba na mtetezi wa ubaguzi asiyejificha. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba Eastland alimtumia Rais ujumbe kupitia kwa nduguye: anipe Harold Cox, nami nitamwachia Marshall, huku akimtaja Marshall kwa tusi la rangi. Wanahistoria wanabishana kama biashara ilifanyika kwa maneno hayohayo. Lisilo na ubishi ni kwamba Cox, aliyekaa chumba kimoja na Eastland chuoni, alikuwa ameshapewa ujaji wa wilaya huko Mississippi mapema mwaka huo, na kwamba mwaka 1964, akiwa kitini, aliwafananisha weusi waliotaka kujiandikisha kupiga kura na sokwe. Cox hakusumbuliwa na Seneti. Marshall alisumbuliwa karibu mwaka mzima.

Usumbufu wenyewe ulikuwa wa kiufundi, na nadhani hilo ndilo lililoufanya uwe mbaya zaidi. Kamati ndogo iliyoongozwa na Olin Johnston wa South Carolina iliitisha vikao kwa kuvinyunyiza, kimoja leo, kingine baada ya wiki kadhaa, kuanzia Mei hadi Agosti 1962. Hakuna aliyemuuliza kwa uzito anafikiri nini kuhusu kodi, hataza au sheria za bahari, mambo ambayo ndiyo mkate wa kila siku wa mahakama ile na ambayo yeye, kwa kweli, hakuwa ameyashughulikia sana. Aliulizwa kuhusu kazi za NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, huko Texas, na kama mfuko wa wanasheria aliouongoza tangu 1940 ulikuwa ukifanya uwakili kinyume cha sheria za New York. Maseneta wa New York ndio waliosukuma hadi jina likafika mbele ya Seneti nzima. Septemba 11, 1962 akathibitishwa kwa kura 54 dhidi ya 16, na waliokataa wote walikuwa wa chama cha Rais mwenyewe, kutoka majimbo ya Kusini.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana jinsi jaji anavyowekwa benchi kabla hata hajavaa joho. Mwaka 2019 Tume ya Utumishi wa Mahakama ilipeleka majina ya majaji kwa Rais Uhuru Kenyatta. Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita, wanne kati yao wakiwa wamependekezwa kwenda Mahakama ya Rufaa. Walisubiri hadi Septemba 2022, Rais William Ruto alipowaapisha. Kikatiba mifumo hii miwili haifanani, kwa sababu Kenya inampa Rais nafasi ndogo mno ya kuchagua, na mahakama zilimwambia hivyo. Lakini ujumbe anaopewa jaji anayesubirishwa ni uleule: tumezisoma hukumu zako.

Je, Marshall aliandika kwa woga katika miezi ile kumi na moja? Sioni dalili. Ninachokiona ni mtu anayejifunza kazi kwa bidii. Mahakama ya Kanda ya Pili, pale Foley Square, Manhattan, ilikuwa na vichwa vizito. Henry Friendly peke yake alitosha kumtia mgeni wasiwasi, maana hadi leo mawakili wa Marekani humtaja miongoni mwa majaji bora wa rufani waliopata kutokea. Karani wa kwanza wa sheria wa Marshall alikuwa kijana Ralph Winter, ambaye baadaye aliteuliwa na Rais Reagan kuwa jaji katika mahakama hiyohiyo na akawa Jaji Mkuu wake, mtu wa mrengo wa kihafidhina kabisa.

Na mazingira yenyewe yalimkumbusha kila siku alikotoka. Marshall alipenda kusimulia siku majaji walipokusanyika kupiga picha ya pamoja, fyuzi zikakatika, yeye akaingia akiwa amechelewa. Katibu mmoja alipomwona tu akamchangamkia: bila shaka wewe ndiye fundi umeme. Jibu lake lilikuwa kwamba mama yule lazima awe amerukwa na akili kama anadhani New York wangemruhusu mtu mweusi awe fundi umeme. Watu hucheka wakaishia hapo. Lakini ndani ya kichekesho kile mna uchambuzi wa sheria ya kazi: vyama vya mafundi wa mji ule vilikuwa vimefunga milango kiasi kwamba ilikuwa rahisi kwa mweusi kupewa joho la jaji wa shirikisho kuliko kupewa kadi ya uanachama.

Sasa turudi kwenye 98. Tuchukulie kwamba hesabu ni sahihi, kwa kuwa sina sababu ya kuibishia. Inathibitisha nini? Mahakama ya Juu inakataa rufaa nyingi inazoombwa kuzisikiliza, kwa hiyo hukumu nyingi za jaji yeyote wa rufani hazitenguliwi kwa sababu rahisi kwamba hazikuguswa. Pili, sehemu kubwa ya kazi ya Kanda ya Pili miaka ile ilikuwa ya kawaida: mabaharia walioumia melini, wahamiaji waliotakiwa kurudishwa kwao, kampuni zinazobishana na mamlaka ya kodi. Majaji watatu wenye akili timamu hukubaliana katika mashauri mengi ya namna hiyo. Tatu, na hili ndilo linalonikera, jaji anaweza kupata rekodi safi kwa kutothubutu chochote. Ukiandika kila mara kile ambacho walio juu yako wameshakisema, nani atakutengua? Kumsifu Marshall kwa kigezo hicho ni kumpa sifa ambayo jaji mwoga pia angeipata.

Ukitaka kumpima, soma kesi ya Hetenyi ya mwaka 1965. Mshtakiwa huyo wa New York alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la kwanza, lakini mara ya kwanza akatiwa hatiani kwa daraja la pili, ambalo ni kosa dogo zaidi. Akakata rufaa, akashinda, hukumu ikafutwa. Serikali ya jimbo ikamrudisha kizimbani kwa shtaka lilelile la daraja la kwanza, na safari hii akapatikana na hatia hiyo na kuhukumiwa kifo. Hukumu hiyo nayo ikafutwa. Mara ya tatu akashtakiwa tena kwa daraja la kwanza, akatiwa hatiani kwa daraja la pili. Swali likafika kwa Marshall: jimbo lina haki ya kumweka mtu tena na tena chini ya tishio la shtaka ambalo wazee wa baraza la kwanza walishakataa kumtia hatiani nalo?

Ugumu ni kwamba mikono ya jaji wa rufani ilikuwa imefungwa. Mwaka 1937, katika kesi ya Palko, Mahakama ya Juu ilikuwa imesema kwamba kinga ya Katiba dhidi ya kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile inaibana serikali ya shirikisho, haiyabani majimbo. Wakili Marshall wa miaka ya nyuma angesimama na kudai Palko itupwe, kama alivyodai fundisho la "kutenganishwa lakini sawa" litupwe katika kesi ya Brown. Jaji Marshall hakuwa na ruhusa hiyo. Alichofanya ni kuisoma Palko kwa makini ya fundi saa, akaonyesha kwamba haikusema majimbo hayana mpaka wowote. Ilisema tu kwamba mpaka wao si lazima uwe uleule. Kisha akauliza kama unyanyasaji wa aina hii unavuka hata ule mpaka wa chini kabisa wa haki ya msingi. Akasema unavuka. Kwamba mara ya mwisho mtu huyo alitiwa hatiani kwa daraja la pili hakukusafisha kitu, kwa sababu wazee wa baraza wanapowekewa shtaka la kifo mezani, hilo la pili huonekana kama huruma.

Hoja hiyo ya mwisho haiwezi kuandikwa na mtu aliyejifunza mahakama kwenye vitabu pekee. Iliandikwa na mtu aliyekaa kwenye vyumba vya mahakama za Kusini akiwatazama wazee wa baraza wakipatana. Kwangu mimi hukumu hii inatosha kuziba pengo la zile 97 nyingine.

Iweke kando ya Angelet, kesi ya 1964. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua katika kesi ya Mapp kwamba ushahidi uliopatikana kwa upekuzi unaokiuka Katiba hauwezi kutumika hata katika mahakama za majimbo. Angelet alikuwa amefungwa miaka mingi kabla ya hapo, kwa ushahidi ambao alidai ulipatikana hivyohivyo. Je, naye anufaike? Kanda ya Pili iliita majaji wake wote, na walio wengi wakasema hapana, Mapp haiangalii nyuma. Marshall akaandika hukumu ya kutokubaliana nao. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikawaunga mkono wale wengi. Angelet haimo katika zile 98, kwa hiyo kushindwa huku hakuonekani kwenye rekodi yake "safi". Mimi ningeiweka juu ya orodha.

Kando ya kesi hizo za New York kuna safari zinazotuhusu sisi wa huku. Januari 1960, kabla hajawa jaji, Marshall alialikwa na Tom Mboya kuwa mshauri wa ujumbe wa Waafrika katika mkutano wa katiba ya Kenya, Lancaster House, London. Kabla ya hapo alipita Kenya, na kwa masimulizi yake mwenyewe alizuiwa kuhutubia umati wa watu Kiambu. Akaomba angalau awasalimie kwa neno moja, akapanda juu ya gari na kupaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka. Huko London aliandaa rasimu ya haki za raia ambayo, jambo lililowashangaza baadhi ya watu, ililinda pia mali ya walowezi wazungu: ardhi isichukuliwe bila fidia ya haki, na mwenye malalamiko aende mahakamani. Alikuwa mtetezi wa walio wachache nyumbani kwake, na Kenya alikuta walio wachache wakiwa ndio wenye nacho. Hakubadilisha kanuni. Julai 1963, sasa akiwa jaji, alirudi na kuibua mbele ya Jomo Kenyatta suala la wafanyabiashara wenye asili ya Asia na haki zao. Desemba mwaka huo alikuwa Nairobi kwenye sherehe za uhuru. Unaweza kuikosoa rasimu yake, na wapo waliosema kulinda mali kwa namna ile kulifunga mikono ya serikali mpya kuhusu ardhi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inaonyesha kwamba tabia ya kijaji, ya kumlinda hata mtu usiyempenda, alikuwa nayo kabla hajapewa joho.

Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alimwomba aache ujaji awe Wakili Mkuu wa Serikali, anayesimama Mahakama ya Juu kwa niaba ya Marekani. Tuelewe alichokuwa anaombwa. Ujaji wa rufani ni wa maisha, hakuna anayeweza kumwondoa isipokuwa kwa mashtaka ya Bunge. Uwakili Mkuu unaweza kuisha kesho Rais akiamka vibaya. Mshahara ungeshuka kutoka dola 33,000 hadi 28,500 kwa mwaka, na nyumbani kulikuwa na wavulana wawili ambao hawajatimiza miaka kumi. Johnson hakumwahidi kiti cha Mahakama ya Juu. Akakubali.

Wapo wanaosema alijua anakokwenda, kwamba ulikuwa mchezo wa karata. Huenda aliotea. Lakini Hastie, mwalimu wake, alifikiriwa na Kennedy kwa kiti cha Mahakama ya Juu mwaka 1962 na kikapewa Byron White. Akamalizia utumishi wake Kanda ya Tatu, akaiongoza hadi 1971. Marshall alikuwa na mfano huo mbele yake wa jinsi ngazi inavyoweza kuisha ghafla. Aliacha cha uhakika akafuata kisicho na uhakika, na miaka miwili baadaye, Agosti 30, 1967, Seneti ikampitisha kwenda Mahakama ya Juu kwa kura 69 dhidi ya 11.

Juni 23, 1969 ilisomwa hukumu ya kesi ya Benton dhidi ya Maryland. Mahakama ya Juu iliifuta Palko na kusema kinga dhidi ya kushtakiwa mara mbili inayabana majimbo pia. Aliyeandika kwa niaba ya walio wengi alikuwa Marshall, na alichokizunguka kwa uangalifu miaka minne nyuma akiwa Foley Square sasa alikivunja waziwazi, kwa kuwa sasa alikuwa na mamlaka ya kukivunja. Ile hoja ya Angelet, ya mfungwa wa zamani kunufaika na kanuni mpya, haikupata bahati hiyo. Mwaka 1989, katika kesi ya Teague, mahakama iliubana zaidi mlango huo, na Marshall, akiwa na umri wa miaka 80, alikuwa bado upande wa wachache.